Kupeleka makala kwenye blogu kutoka ndani ya Word

SWALI: Nafundisha Kiswahili katika shule ya sekondari hapa Arua, Uganda. Nina blogu ya WordPress ambayo nawawekea wanafunzi maelezo ya ngeli, mashairi, methali na maswali ya marudio. Naandika yote nyumbani kwa Word bila intaneti, kisha nikifika mjini nanakili na kubandika. Fonti hugeuka, jedwali la ngeli hutoka nje ya kioo cha simu za wanafunzi, na picha hazionekani kabisa. Nimesikia Word yenyewe inaweza kupeleka makala kwenye blogu. Hufanyikaje, na itaniondolea taabu hii?

JIBU: Inawezekana, Mwalimu, na si jambo jipya. Word ya Windows imekuwa na uwezo huo tangu toleo la 2007. Ila kitufe hicho kitakuondolea kazi ya kubandika tu. Fonti zinazogeuka na jedwali linalofurika vinatokana na mavazi uliyoyavisha maandishi yako ndani ya Word, na mavazi hayo husafiri pamoja na maneno, ubandike au utume. Kwa hiyo nitaanza na kitufe, maana ndicho ulichouliza, halafu nitakaa zaidi kwenye maandalizi ya waraka wenyewe.

Kitufe na mahali kilipo

Kwa waraka ambao tayari umeshauandika, njia inategemea toleo lako. Katika Word 2007 bofya ile duara ya Office juu kushoto, kisha "Publish", kisha "Blog". Katika 2010 ni "File", "Save & Send", "Publish as Blog Post". Katika 2013 na 2016 ni "File", "Share", "Post to Blog". Kama huioni, pitia "File", "New", andika blog kwenye sehemu ya kutafutia, uchague kiolezo kinachoitwa "Blog post". Word ya Mac haina kitu hiki, wala ya simu, wala ile inayofunguliwa ndani ya kivinjari. LibreOffice nayo haina, lakini usikate tamaa kama ndiyo unayotumia. Iko njia yake chini.

Utaona ukurasa wenye nafasi ya kichwa cha makala juu, mstari mwembamba, kisha nafasi ya kuandika. Utepe wa juu umepunguzwa makusudi: umeachiwa vichache ambavyo blogu inavielewa. Kushoto kuna "Publish", "Home Page", "Insert Category", "Open Existing" na "Manage Accounts". Anza na hicho cha mwisho.

Bofya "Manage Accounts", "New", chagua WordPress kwenye orodha, endelea. Word itakuonyesha anwani iliyoandikwa nusu, ikiwa na maneno ndani ya alama hizi < > katikati, na mwishoni /xmlrpc.php, jina la faili ambalo blogu hulitumia kupokea makala kutoka programu za nje (njia hiyo huitwa XML-RPC). Futa kila kilicho kati ya // na /xmlrpc.php, pamoja na alama zenyewe za < na >, uweke jina la tovuti yako. Kama blogu yako ni ya bure kwa WordPress.com, itasomeka https://jinalako.wordpress.com/xmlrpc.php. Wengi hukwama hapa kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kuacha zile alama. Ya pili haionekani kwa macho: Word huanza anwani kwa http, na tovuti za leo karibu zote ni https. Ukiacha http, seva itaielekeza Word kwenye https, na katika kugeuzwa huko ombi la Word hubadilika kutoka POST (la kutuma kitu) kuwa GET (la kusoma tu). Faili la xmlrpc.php hupokea POST peke yake. Matokeo yake Word inasema haiwezi kusajili akaunti, nawe unabaki kubadilisha nywila ambayo haikuwa na kosa. Hali ni hiyo hiyo kama tovuti yako huanza na www nawe umeiandika bila www. Fungua blogu kwenye kivinjari, unakili anwani kama ilivyo pale juu, ndiyo uiweke kwenye Word.

Kabla hujahangaika na Word, jaribu anwani hiyo kwenye kivinjari. Ukiona sentensi ya Kiingereza isemayo "XML-RPC server accepts POST requests only", furahi. Mlango uko wazi. Ukiona 404, umekosea anwani. Ukiona 403, mlango upo ila umefungwa, ama na kampuni inayokuhifadhia tovuti ama na plagini (programu ndogo ya nyongeza ndani ya blogu) ya ulinzi. Kufungwa huko kuna sababu. WordPress imeuacha mlango huu wazi kwa kila tovuti tangu toleo la 3.5 la Desemba 2012, na wezi wakautumia kubahatisha nywila, kwa kuwa ombi moja liliweza kubeba majaribio mengi kwa mpigo. Kama una plagini ya ulinzi ya Wordfence, tazama mipangilio yake ya usalama wa kuingia, kuna sehemu inayozima uthibitishaji wa XML-RPC. Kama ni kampuni ya seva, waandikie uwaulize kama wanaweza kukufungulia. Wakikataa usigombane nao, wana haki. Nenda kwenye njia ya plagini ya Mammoth nitakayoieleza mbele.

Sasa nywila. Usiipe Word nywila unayoingilia kwenye blogu, hasa kama kompyuta ni ya chumba cha walimu. Tangu WordPress 5.6, iliyotoka Desemba 2020, unaweza kutengeneza nywila ya pembeni kwa ajili ya programu moja tu. Ingia kwenye blogu, "Users", "Profile", teremka hadi "Application Passwords", andika jina kama Word-nyumbani, ubofye kitufe cha kuongeza. Utapewa herufi na tarakimu 24 katika mafungu ya nne-nne. Huonyeshwa mara moja tu, kwa hiyo inakili papo hapo. Hiyo ndiyo utakayoiweka Word pamoja na jina lako la kuingilia. Siku kompyuta ikipotea, unaifuta hiyo moja na nywila yako kuu inabaki salama. Sehemu hiyo haitokei kwenye tovuti isiyo na https, na hilo peke yake linatosha kukufanya uwashe https. Kwa WordPress.com nywila ya namna hii hupatikana ukishawasha uthibitishaji wa hatua mbili.

Ukibonyeza "Picture Options" kwenye dirisha hilohilo, utaulizwa picha zihifadhiwe wapi. Chagua "My blog provider" ukitaka Word izipeleke, au acha zisiende kabisa. Kwako ningeacha, na sababu nitaitoa.

Kama kompyuta ni ya Windows 7 na kila kitu ni sahihi lakini Word haiunganiki, fungua "Internet Options", "Advanced", uhakikishe "Use TLS 1.2" (toleo la kanuni za kulinda mawasiliano ya mtandaoni) imetiwa alama. Seva za sasa hukataa matoleo ya nyuma ya hapo.

Waraka na mavazi yake

Hapa ndipo penye kazi. Chukua aya moja ya kawaida uliyoichapa kwa Times New Roman, ukubwa 12, ukainyoosha kingo zote mbili kama barua rasmi. Ikifika kwenye blogu huwa hivi:

<p style="text-align: justify"><span style="font-family:Times New Roman; font-size:12pt">Ngeli ya KI-VI ina nomino za vitu.</span></p>

Aya hiyohiyo ikiandikwa kwa staili ya "Normal" ya kiolezo cha blogu, bila kuguswa fonti wala ukubwa, huwa hivi:

<p>Ngeli ya KI-VI ina nomino za vitu.</p>

Ya kwanza inailazimisha simu ya mwanafunzi kutumia fonti na ukubwa ulioupenda wewe kwenye karatasi ya A4. Ya pili inaiacha blogu ivae nguo zake. Ukiongeza na rangi nyeusi kwa mkono, mwanafunzi anayesoma kwenye mandhari meusi ya usiku ataona giza juu ya giza. Na kunyoosha kingo mbili kwenye kioo chembamba hutawanya maneno, unabaki na mapengo katikati ya mstari kama meno ya mtoto.

Kwa makala za zamani, fungua waraka, bonyeza Ctrl+A, kisha Ctrl na kitufe cha nafasi, kisha Ctrl+Q. Cha kwanza kinachagua kila kitu, cha pili kinavua fonti, ukubwa na rangi, cha tatu kinarudisha aya kwenye mpangilio wa staili yake. Angalia: kile cha pili kinavua pia wino mzito na mlalo. Kama umelaza mifano yote kwa italiki, itaondoka. Fanya usafi huu kwanza, ulaze mifano baadaye.

Vichwa vidogo ndani ya makala usivitengeneze kwa kuongeza ukubwa na kukoleza wino. Weka kishale kwenye mstari, bonyeza Ctrl+Alt+2, mstari unakuwa "Heading 2". Ctrl+Alt+3 ni kwa vilivyo chini yake. "Heading 1" iache. Kichwa cha makala chenyewe kwa kawaida ndicho kinachochukua ngazi hiyo kwenye blogu, na viwili hugongana. Orodha za maswali zitengenezwe kwa kitufe cha namba cha Word. Nafasi kati ya aya usiitengeneze kwa kubonyeza Enter mara mbili, maana kila Enter tupu husafiri kama aya yenye nafasi moja ndani yake na blogu huonyesha pengo kubwa kuliko ulivyokusudia.

Mashairi yanahitaji neno la peke yake, maana kwenye Word walimu hupenda kutenganisha ukwapi na utao (vipande viwili vya mshororo) kwa kubonyeza Tab mpaka vina vipangane wima. Kwenye karatasi inapendeza. Kwenye wavuti, Tab na nafasi nyingi mfululizo hukunjwa kuwa nafasi moja, na safu ya vina inavurugika. Andika mshororo mzima kwa mstari mmoja, utenganishe vipande kwa mkato:

Mwanafunzi shika wino, uandike yalo mema

Mwisho wa mshororo bonyeza Shift+Enter, ambayo inakata mstari bila kuanzisha aya. Mwisho wa ubeti ndipo ubonyeze Enter. Hivyo ubeti wote utabaki aya moja, na kila mshororo mstari wake. Ukiona lazima vina vipangane, shairi hilo liweke ukiwa ndani ya blogu yenyewe, kwenye bloku (kipande kimoja cha makala ndani ya kihariri) ya shairi ya WordPress ("Verse"), ambayo huheshimu kila nafasi uliyoiacha. Lakini simu nyembamba bado itakunja mshororo wa mizani 16, kwa hiyo mimi ningebaki na mkato.

Jedwali la ngeli

Word inapopeleka jedwali huandika upana wa kila safu kwa pikseli. Ukurasa wa A4 wenye pambizo za kawaida una nafasi ya maandishi ya sentimita 16 hivi, ambayo ni kama pikseli 600. Jedwali lako lenye Ngeli, Umoja, Wingi na Sentensi linapewa safu nne za pikseli 150 kila moja. Simu nyingi za wanafunzi zina upana wa karibu 360 kwa kipimo hicho cha wavuti. Basi safu mbili zinaonekana, ya tatu nusu, na ya sentensi, ambayo ndiyo mwanafunzi anayoihitaji, iko nje.

Dawa ya kwanza ni kupunguza: safu tatu, na sentensi iteremke chini ya jedwali kama orodha. Dawa ya pili ni kufuta ule upana baada ya makala kufika. Ndani ya blogu fungua rasimu. Kilichotoka Word kitakuwa kimeingia kama bloku moja kubwa iitwayo "Classic". Bofya nukta tatu, "Edit as HTML", utafute jedwali linapoanzia. Utaona sehemu inayofunguliwa kwa <colgroup> na kufungwa kwa </colgroup>, yenye zile pikseli ndani. Ifute yote. Safu zitaanza kujipanga kufuata kioo. Jaribu kwenye simu yako mwenyewe kabla ya kuwatangazia wanafunzi.

Jedwali hili lina mtego mwingine kabla hata ya kutoka Word. Word ina tabia ya kukuza herufi ya kwanza ya kila kisanduku cha jedwali. Unaandika kiambishi ki- inakuwa Ki-, vi- inakuwa Vi-. Kiambishi i kikiandikwa peke yake, Word iliyowekwa Kiingereza hukidhania ni neno lao na kukigeuza I. Mwanafunzi wa S.2 (mwaka wa pili wa sekondari) anayejifunza kwamba nomino za I-ZI huchukua i- katika umoja anasoma I-, anabaki kujiuliza kama herufi kubwa ni kanuni. Nenda "File", "Options", "Proofing", "AutoCorrect Options", uondoe alama kwenye "Capitalize first letter of table cells", na kwenye orodha iliyo chini ufute i. Kisha chagua waraka wote na upitie "Review", "Language", "Set Proofing Language" uweke Kiswahili kama kipo kwenye kompyuta yako, au utie alama kwenye "Do not check spelling or grammar". Ile mistari myekundu haisafiri kwenda kwenye blogu, lakini masahihisho ya Kiingereza yaliyokwisha kufanyika husafiri.

Picha

Picha zako hazionekani kwa sababu ukinakili kutoka Word na kubandika, mara nyingi kinachobandikwa ni anwani ya faili iliyo kwenye kompyuta yako, inayoanza na file:///. Wewe ukiwa kwenye kompyuta hiyohiyo pengine unaiona. Mwanafunzi hana faili hilo. Ukinakili kutoka Google Docs, picha inaweza kubaki ikichotwa kutoka googleusercontent.com, ikaonekana vizuri siku ya kwanza na kutoweka baadaye. Usiitegemee.

Ukituma kwa kitufe cha Word, picha huenda kweli, lakini kwa gharama. Njia ya XML-RPC huigeuza picha kuwa maandishi kabla ya kuituma, na ugeuzaji huo huiongezea uzito kwa theluthi. Picha sita za simu za MB 4 kila moja ni MB 24. Barabarani zinakuwa MB 32. Seva nyingi zilizoachwa na mipangilio ya PHP ya kawaida hupokea hadi MB 8 kwa ombi moja. Ombi likizidi hapo au mtandao ukiyumba katikati, Word inakuambia tu kwamba imeshindwa, na data imekwisha kuliwa. Nayo data hapa Uganda ina ushuru wa asilimia 12 tangu Julai 2021, kwa hiyo kila jaribio lililoshindikana unalilipia.

Majina nayo ni kero. Word huzipa picha majina ya tarehe, saa na mwanzo wa kichwa cha makala, kitu kama 031524_2110_Ngeliyakivi1.png. Baada ya muhula mmoja hutajua ipi ni ipi.

Ndiyo maana nilisema uache picha zisiende. Mahali pa picha andika kwenye mabano PICHA 1, PICHA 2. Kila picha ipunguze hadi upana wa pikseli 1200 na uihifadhi kama JPEG. Kwa kawaida inashuka kutoka MB 4 hadi kati ya KB 150 na 250. Ipe jina linaloeleweka, kwa mfano ngeli-ki-vi-kiti.jpg, uipandishe ndani ya blogu na kuiandikia maelezo ya picha kwa wasioona. Ukiamua kuzituma kwa Word hata hivyo, bofya picha moja, "Picture Format", "Compress Pictures", chagua "Web (150 ppi)", na utie alama kwenye "Delete cropped areas of pictures". Alama hiyo usiisahau: kukata picha ndani ya Word kunaficha tu, sehemu iliyokatwa inabaki ndani ya waraka. Kama ulikata uso wa mtoto au karatasi ya alama zake, ukimpa mtu waraka wako anaweza kuurudisha uso huo. Kuhusu nyuso za wanafunzi kwa jumla, Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kukusanya au kutumia taarifa binafsi za mtoto. Picha ya kiti haihitaji idhini ya mtu.

Siku ya kutuma

Ukiwa na mtandao, usibofye "Publish" yenyewe. Bofya kishale kilicho chini yake, uchague "Publish as Draft". Makala inaingia kwenye blogu kama rasimu, hakuna anayeiona. "Insert Category" itakuletea makundi uliyonayo kwenye blogu. Kitufe hicho kinahitaji intaneti kwa kuwa Word huyauliza kutoka kule. Lebo, picha ya juu ya makala na muhtasari havitoki Word, hivyo vitie kwenye blogu.

Mtandao ukikatika baada ya kubofya, usibofye tena mara moja. Inawezekana makala ilifika na jibu la seva ndilo lililopotea. Fungua "Posts" kwenye blogu utazame. Vinginevyo utajikuta na rasimu mbili au tatu za ngeli ileile.

Tazama pia saa ya blogu, "Settings", "General", "Timezone". Chagua Kampala. Blogu iliyoachwa kwenye UTC itasema makala uliyoituma saa tatu usiku imetoka saa kumi na mbili jioni.

Rasimu ikishafika, rekebisha jedwali, bofya "Convert to blocks", weka picha, halafu ndipo uchapishe. Na kuanzia hapo masahihisho yote yafanyie kwenye blogu. Kuna "Open Existing" ndani ya Word inayokuletea makala ya zamani uihariri, nayo inavutia, lakini Word haizijui bloku za WordPress. Ukiirudisha makala kutoka Word, kazi ya bloku inafutika na unaanza upya.

Njia ambayo kwako ningeitanguliza

Kwa methali na maswali ya marudio, yaani maneno matupu, kitufe cha Word kinatosha. Kwa maelezo ya ngeli yenye majedwali na picha, kama blogu yako inaruhusu plagini, weka ile iitwayo Mammoth .docx converter. Ukifungua makala mpya utaona kisanduku chake chini ya sehemu ya kuandikia. Unachagua faili lako la .docx, kinakuonyesha litakavyokuwa, unabofya cha kuingiza. Hakijali kabisa fonti, ukubwa wala rangi. Kinasoma staili tu. "Heading 2" inakuwa kichwa, orodha inabaki orodha, tanbihi zinabaki, picha zinaingia kwenye maktaba ya blogu. Mstari uliokoleza ukaukuza kwa mkono utatokea kama aya yenye wino mzito, kwa hiyo yale maandalizi ya juu hayakwepeki. Hakigusi xmlrpc.php, hivyo haijalishi kama seva imeufunga mlango huo. Faili la .doc la zamani hakilisomi. Lihifadhi upya kama .docx. Anayetumia LibreOffice naye ahifadhi kama .docx apite hapohapo.

Kama huwezi kuweka plagini, bandika kwenye kihariri kipya cha bloku, kilichokuja na WordPress 5.0 mwaka 2018, badala ya kile cha "Classic". Kipya huvua takataka nyingi za Word kikipokea. Malalamiko yako ya fonti yananifanya nishuku bado unatumia cha zamani.

Wenzako walio na Blogger ya Google, kitufe cha Word hakiwafai, hata kama Word ya zamani inaitaja Blogger kwenye orodha. Google ilifunga njia ya kuingia ambayo Word ilikuwa ikiitumia mwaka 2015. Wao wafungue mipangilio ya blogu, sehemu ya "Email", watengeneze anwani ya siri ya kutumia makala kwa barua pepe, wachague zihifadhiwe kama rasimu. Kichwa cha barua ndicho kinachokuwa kichwa cha makala. Anwani hiyo waitunze kama nywila, kwani yeyote anayeijua anaweza kuwaandikia.

Na muhula ukiisha, kama ulitumia kompyuta ya shule, fungua "Manage Accounts" uondoe akaunti kwa "Remove", kisha kwenye blogu urudi "Application Passwords" na kubofya "Revoke" mbele ya lile jina ulilolipa.